Hodi kwa Chewa: Mwongozo wa Kuvua kwa Mshipi Tumbe

Kabla hujanunua hata ndoana moja, fahamu kwamba chewa hakutafuti. Yuko kwake. Nguru anapita, jodari anapita, vibua wanapita kwa makundi huku ndege wakipiga kelele juu yao, lakini chewa ni mwenye nyumba. Ana pango lake chini ya mwamba, ana kizingiti chake, na tangu alfajiri amekaa mlangoni akiwatazama wapitao. Kwa hiyo kazi yote ya kumvua, kuanzia chambo mpaka subira, ni adabu ya mtu anayebisha hodi. Asiyejua kubisha hodi asije Tumbe na mshipi. Aje mnadani anunue samaki aliyevuliwa na wenzake, naye ni mtamu vilevile.

Wa nchi nyingine wana samaki wao wa kujisifia. Kwenye fukwe za mawe za Cornwall na Ireland wavuvi husimama ndani ya maji ya baridi kali wakimsubiri binamu wa mbali wa chewa, mwenye magamba ya fedha. Ziwa Naivasha kuna jamaa mwingine aliyeletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, na wapo wanaofunga safari kutoka Nairobi kwa ajili yake tu. Ng'ambo ya mkondo wetu wa Pemba, Shimoni, Ernest Hemingway alikuwa akivua mwaka 1954, na mpaka leo watalii hupanda boti za mashine pale kumfukuza sulisuli. Siwaonei wivu hata kidogo. Fimbo ndefu na kigurudumu cha kukunjia uzi ni mitambo iliyowekwa kati ya mtu na samaki. Kwenye mshipi hakuna mtambo. Kuna uzi, uzi umelala juu ya kidole chako cha shahada, na kila anachofanya chewa huko gizani, akikaribia, akinusa, akigeuka, kinakufikia kidoleni. Raha yenyewe ni hiyo, na mwongozo huu wote ni wa kukifikisha kidole chako mahali pake.

Anza kwa kufika. Tumbe iko Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, na ukitokea Chake Chake au Wete utapitia upande wa Konde. Usilale ndani ya gari. Ukija msimu wa karafuu, pembeni mwa barabara utakuta majamvi yametandazwa, karafuu zinaanikwa, na harufu yake inaingia dirishani kabla hujaziona. Ukitaka kuiona pwani ilivyo mwitu, ongeza siku moja uende Vumawimbi, nyuma ya msitu wa Ngezi, mahali ambapo ufuko unanyooka mweupe mpaka macho yanachoka na pengine usikutane na mtu. Jioni utawaona popo wa Pemba wakiondoka mitini, wakubwa, wenye manyoya mekundu, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Kisha rudi Tumbe, maana uzuri wa Tumbe ni wa aina nyingine: ghuba, mikoko, ngalawa zilizolazwa ubavu maji yakiwa yamekupwa, na mwamba mbele unaovunja mawimbi kwa mstari mweupe.

Siku ya kwanza usivue. Nasema hivi nikijua umekuja na hamu. Acha mshipi ndani ya mkoba na uende mnadani. Soko la samaki la Tumbe ndilo kubwa kuliko yote Pemba, na wachuuzi huja na matenga yao kwenye baiskeli na pikipiki kutoka kila upande wa kisiwa. Samaki hushushwa, hulazwa chini mafungu kwa mafungu, na dalali anaanza kutaja bei kwa kasi ambayo mgeni haifuati. Wewe simama pembeni uangalie miguu yako usimkanyage taa wa mtu. Tafuta chewa. Utamtambua kwa kichwa kikubwa, mdomo mpana wenye taya la chini lililotangulia mbele, na mwili wa madoa au mabaka unaofanana na jiwe alilokuwa akikaa chini yake. Mtazame vizuri mdomo ule. Chewa hafukuzi mawindo kwa masafa. Anasubiri kaa, pweza au samaki mdogo apite mbele ya mlango, kisha anaufungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani, na mpita njia anaingia pamoja na maji. Mtu aliyeuelewa mdomo wa chewa anajua kwa nini chambo lazima kifike mlangoni, wala si nyumba ya pili.

Mnadani ndipo pia utakapompata nahodha wa kukuchukua. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaanza na bei. Anza na salamu, umalize salamu yote. Toa salaamu, mzee mwambie shikamoo, mwulize hali ya nyumbani, mwulize bahari imeamkaje, na yeye akuulize umetokea wapi na kwenu kuna bahari gani. Ukisikia wanakutania, umeshakubaliwa nusu. Mazungumzo huenda hivi:

"Yakhe, kuogelea wajua?"

"Najua, nahodha."

"Vyema. Na kunyamaza wajua?"

Jibu lolote utakalotoa, watacheka. Cheka nao. Kisha sikiliza masharti, na masharti ni machache: utakuja kabla ya jua, utakaa utakapoambiwa ukae, ukipewa kopo utakumba maji bila kuuliza ni zamu ya nani. Siku ya Ijumaa usimshike mtu shati kumwomba atoke asubuhi. Wengi husubiri mpaka swala ya Ijumaa imalizike, na mgeni mwema anapanga siku zake kwa kujua hilo.

Sasa maji. Sehemu hii nakuomba uisome mara mbili.

Mtu wa Tumbe hahitaji kitabu cha ratiba ya maji, kwa sababu anaishi na kalenda ya mwezi. Anajua leo ni tarehe ngapi ya mfunguo gani, na tarehe hiyo inamwambia bahari iko wapi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu tarehe 14 au 15, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye bamvu linafika kileleni. Katika bamvu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Ngalawa uliyoiacha ikielea utaikuta mchangani, na usipohesabu maji utaikosa njia ya kurudi. Tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, nguvu hizo mbili huvuta pande tofauti, na yanakuja maji mafu, yasiyojaa sana wala kukupwa sana. Kila siku maji hujaa takriban dakika 50 nyuma ya jana.

Jambo linalofurahisha ni kwamba bamvu huja na saa zake. Pwani hii ya Zanzibar, siku za bamvu maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, yakakupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ndiyo maana saa nne asubuhi ya bamvu utawaona kina mama wameingia mwambani na vijiti, wakitafuta pweza, huku wengine wako kwenye mwani wao. Ukipita karibu nao, pita mbali na vigingi na kamba zao. Hilo ni shamba.

Kwa mvuvi wa mshipi, bamvu kamili ni taabu. Mkondo unauchukua mshipi, chubwi halikai chini, na wewe unadhani unabisha hodi kwa chewa kumbe umeshapita mitaa mitatu. Maji mafu kabisa nayo yanamfanya chewa mvivu, hakuna kinachosukumwa mbele ya mlango wake. Mimi napenda siku za katikati, maji yanapoanza kupata nguvu, tarehe 10 mpaka 12 na tarehe 24 mpaka 26, na ndani ya siku hiyo napenda ile saa ambayo maji yalikuwa yamesimama na sasa yanaanza tu kutembea. Nahodha wako anaweza kuwa na siku zake nyingine. Zifuate za kwake.

Upepo uangalie kwa misimu. Kaskazi huanza kushika Desemba na kudumu mpaka Machi hivi, kusi inakuja Aprili pamoja na masika na kuendelea mpaka Septemba, na katikati, Oktoba na Novemba, kuna matlai, majira ambayo bahari hutulia kiasi cha kumfanya mtu asahau kuogopa. Tumbe inaangalia kaskazini. Kusi ikivuma, kisiwa kizima kiko mgongoni mwako kinakukinga. Kaskazi ikivuma, hakuna kinga, na asubuhi ambayo nahodha amesimama ufukweni akitazama mstari wa mwamba bila kusema kitu, usimharakishe. Akisema hatutoki, hatutoki. Nenda kanywe chai.

Vifaa ni vichache hata vinaona haya kuandikwa. Mshipi wa nailoni nene, umeviringwa kwenye kipande cha ubao au chupa ya plastiki. Ndoana moja, imara, si tatu. Chubwi la risasi, au kipande cha nondo, au jiwe lililotobolewa, lenye uzito wa kufika chini na kukaa. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli cha kuvika kidole, kwa sababu nailoni inayokwenda kwa kasi hukata nyama mpaka ndani. Maji ya kunywa, kofia, na nguo ya mikono mirefu. Kisu ni cha nahodha. Wewe usikiguse.

Kuhusu ndoana moja, niruhusu nikae hapo kidogo. Kuna njia nyingi za kumtoa samaki baharini, na baadhi ya njia hizo zinamtoa samaki pamoja na bahari yenyewe. Baruti huua kila kitu mpaka matumbawe yanabaki kifusi. Utupa hulewesha wakubwa na wadogo bila kubagua. Kigumi ni watu wanaouzungusha mwamba kwa nyavu kisha wanaupiga kwa miti ili samaki watoke, na matumbawe yaliyochukua miaka kukua yanavunjika kwa asubuhi moja. Juya la kukokota linafagia nyasi za bahari ambamo watoto wa samaki hujificha. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya 2010 inakataza baruti na sumu, upande wa magharibi wa kisiwa lipo eneo la hifadhi linalofahamika kama PECCA tangu 2005, na kwenye shehia zipo kamati za uvuvi ambazo wajumbe wake ni majirani wa watu wanaowakataza. Kazi yao ni ngumu na naiheshimu kwa moyo wote. Lakini mtu mwenye mshipi mmoja na ndoana moja hahitaji kukatazwa. Anachukua samaki mmoja kwa wakati mmoja, anamwona ni nani, na akitaka anamrudisha. Mwamba haujui hata kama alifika.

Chambo kiwe kibichi. Ngisi ndiye bora, mgumu, hang'oki upesi kwenye ndoana. Kibua aliyekatwa mapande anafaa, na damu yake husafiri na maji kutangaza habari. Mkia wa pweza chewa haukatai, ila ukifikiria bei ya pweza utaona uchungu kumpa mwingine kabla hujala wewe. Usimpe chewa chambo cha jana. Pua yake ni nzuri kuliko yako.

Mtatoka gizani. Nahodha atasema bismillahi, tanga litapandishwa, na kama upepo wa nchi kavu bado upo utawasukuma taratibu kupita mikoko, kupita ngalawa za wengine ambao taa zao zinarudi wakati nyinyi mnakwenda. Nyuma yenu, juu ya ghuba, kuna mahali pa kale. Watafiti wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe na kukuta makazi makubwa ya karne ya 7 mpaka ya 10, watu waliofinyanga, waliosaga shanga za kombe kwa wingi wa kushangaza. Na karibu hapo, Chwaka, kukainuka mji wa misikiti ya mawe tangu karne ya 11. Watu wale nao walitazama mstari huu huu mweupe wa mwamba na kuhesabu mwezi. Napenda kulifikiria hilo wakati tanga linajaa.

Nahodha hatumii mtambo wa kuonyesha kina. Anapanga alama mbili za nchi kavu, labda mnazi mmoja mrefu na paa la msikiti, na nyingine mbili za upande, na mistari inapokutana anasema tupa nanga. Usimwulize alama ni zipi. Atakuonyesha akikujua, na akikuonyesha, kaa nazo moyoni.

Sasa bisha hodi.

Shusha mshipi taratibu, usiutupe. Uache uteleze juu ya kidole mpaka chubwi liguse chini, utausikia unalegea. Inua kiasi cha urefu wa mkono, ili chambo kikae juu ya jiwe badala ya kunasa ndani yake. Kisha nyamaza. Inua kidogo, shusha kidogo, hiyo ni hodi ya kwanza. Subiri. Hodi ya pili. Subiri zaidi. Tumefundishwa kwamba mtu hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka bila chuki, na mwambani sijaona kanuni nzuri kuliko hiyo. Hodi tatu bila jibu, mwambie nahodha tusogee. Mwenyewe hayupo, au yupo na hataki wageni.

Wakati unasubiri, kidole kinaanza kusoma. Changu mdogo hudonoa haraka haraka, mdundo wa wepesi, hana nia, anaonja tu. Bunju humaliza chambo bila hata kukujulisha, na ukivuta unakuta ndoana safi, au uzi umekatwa kwa meno yake. Akipanda mwenyewe mrudishe, maana ana sumu na si wa kuliwa. Kolekole akichukua hakuachi na shaka, anakimbia upande mmoja mpaka ngalawa inageuka. Taa hulala juu ya chambo, nawe unadhani umenasa chini, mpaka chini kunapoanza kutembea. Mkunga ukimvuta anajisokota, na mshipi wako unafika juu ukiwa mafundo ambayo utayafungua mpaka adhuhuri.

Chewa ni tofauti na wote. Kwanza kunakuwa na kimya. Kudonoa kwa changu kunakoma ghafla, kwa sababu wadogo wamemwona anatoka na wametawanyika. Kimya hicho ndicho ninachokipenda kuliko yote katika uvuvi, nacho unakisikia kwa ncha ya kidole, pima kadhaa chini ya miguu yako. Kisha unakuja uzito. Hadonoi. Mdomo umefunguka, chambo kimeingia, na mshipi umekuwa mzito kwa mara moja.

Hapo adabu ya hodi imekwisha. Vuta! Mikono miwili, mkono juu ya mkono, bila kupumzika, kwa sababu chewa akishaonja chuma anageuka kurudi ndani, na akiingia pangoni hutanua mashavu na miiba yake akajikaza ukutani. Pima mbili za kwanza ndizo vita vyote. Ukimtoa kwenye mlango wake, anaanza kuchoka, na kilichobaki ni uzito wa kupandisha. Akikuwahi akaingia, usishindane naye kwa nguvu, utaukata mshipi na kumwachia ndoana mdomoni. Legeza. Legeza kabisa, kama mtu aliyekwenda zake, na uweke kidole tu. Baada ya muda anaamini kwamba umeondoka na anasogea nje kuchungulia. Nahodha ataona uso wako na kukwambia kwa sauti ya chini, "Bado, mwanangu. Bado." Kisha atasema, "Haya." Utavuta.

Utakapomwona anapanda, maji ya buluu nzito yanakuwa na doa la hudhurungi, doa linakuwa umbo, umbo linafungua mdomo. Piga kelele. Ulinyamaza vya kutosha, na wenzako wa ngalawa watapiga kelele nawe. Usitie kidole mdomoni mwake kumtoa ndoana; meno yake madogo yameelekea ndani, hayaruhusu kitu kutoka. Mwachie nahodha.

Sasa uamuzi. Katika aina nyingi za chewa, samaki huanza maisha akiwa jike, na baadhi yao, wakishakua, hugeuka madume. Ukivua wadogo wote, hakuna atakayefika kuwa mkubwa. Ukivua wakubwa wote, mwamba unabaki na majike bila dume. Nao hukua polepole, wengine huishi miongo mingi. Kwa hiyo mdogo arudi, tena upesi, mikono ikiwa imelowa, bila picha ya pili. Lakini jua hili pia: chewa aliyetoka kina kirefu hewa iliyo ndani ya mwili wake hutanuka, pengine tumbo humtokea mdomoni, na ukimrudisha hivyo anaelea tu juu akisubiri mwewe. Mkianza kupata wadogo mahali penye kina, dawa yake ni kung'oa nanga mkaenda pengine, si kuendelea na kuwarusha majini mkijiona wema. Na ikiwa uzito uliokuja unaiburuta ngalawa, huenda umemgusa chewa mkubwa kuliko wote, yule anayepita mita 2 kwa urefu na kilo 300 kwa uzito. Huyo mwombe nahodha akate mshipi. Mzee wa namna hiyo asitolewe nyumbani kwake kwa sababu ya furaha ya mgeni.

Mtarudi na maji yanayojaa, jua likiwa kali na midomo imekauka chumvi. Ufukweni watu watawauliza mmepata nini kabla ngalawa haijagusa mchanga. Jibu litolewe na nahodha. Samaki wa kuuzwa wanakwenda kwa dalali, na baada ya mnada fedha hugawanywa, chombo kina fungu lake, mabaharia wana mafungu yao. Kabla ya hapo hutengwa samaki wa kitoweo, wa kila mtu kupeleka kwake. Hata kama umelipia safari, usichague mwenyewe kitoweo chako. Ngoja upewe. Ukipewa chewa, wamekupenda.

Mpeleke kwa mwenyeji wako, umkabidhi bibi wa nyumba kwa mikono miwili, na usimwelekeze namna ya kupika. Mapande yatapakwa ndimu, chumvi, kitunguu thaumu na pilipili, yatachomwa juu ya makaa, kisha yatamiminiwa tui zito la nazi mpaka lishike. Nyama ya chewa ni nyeupe, imara, inaachana mapande makubwa na haina miiba midogo ya kumtisha mtoto. Wali wa nazi ukiwapo, kula na wali. Muhogo ukiwapo, kula na muhogo, na mimi katika hilo nipo upande wa muhogo.

Kichwa kisitupwe. Kinapasuliwa katikati na kuchemshwa supu, na watu wazima wenye heshima zao huacha mazungumzo ya siasa kwa ajili yake. Mashavu, yale mapande mawili ya nyama laini chini ya macho, usiyaguse mpaka ujue umekaa sinia moja na nani. Nahodha akiwapo, moja ni lake. Mama mwenye nyumba akiwapo, jingine ni lake. Ukiwa peke yako, kula yote mawili, nawa mikono, kisha toka nje ukaulize kesho maji yanajaa saa ngapi.